Aliyesikia Kila Neno

Wateja walimwita Bi Makombe, maana kwa miaka kumi na tisa alitoboa makombe ya baharini na kuyatunga kuwa mapazia. Kazi yake aliifanyia katika chumba cha nyuma cha nyumba aliyoishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe.

Asubuhi moja ililetwa ndoo ya makombe ambayo hayajachemshwa ili kuua konokono waliomo. Ndani alikuta gamba zuri lenye umbo la pia, limejaa madoa ya kahawia kama limefumwa. Akaliweka kiganjani, akaligeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Konokono alikuwa bado hai. Akachomoza mrija wake mwembamba, akamdunga jino lenye sumu, lile lile analowindia samaki.

"Kama sindano tu," alimwambia wifi yake, akacheka.

Chai yake haijapoa, midomo ikafa ganzi, ulimi ukawa mzito, kope zikaanguka zenyewe. Wifi alipiga mayowe mpaka jirani akaja na gari.

Hospitalini mwili wote uligoma, hata kifua. Muuguzi alimpitishia mpira kooni, akawa anaminya mfuko wa hewa kwa mkono, kwani mashine ilikuwa na mgonjwa mwingine. Wote walidhani amezimia. Wapi! Alisikia feni ikikwaruza. Alihisi nzi akitembea shavuni, asiweze kumfukuza.

Saa zikapita. Wifi akamwambia muuguzi kwa sauti ya chini, "Mwanangu, si umwache apumzike? Huyu ameshakwenda."

Niko hapa! Bi Makombe alipiga kelele, lakini kelele ikaishia kichwani.

"Mama, moyo unadunda," muuguzi alijibu. "Sumu hii huisha yenyewe. Mkono huu ukichoka, ninao mwingine."

"Lakini anateseka."

"Umemuuliza?"

Muuguzi akabadilisha mkono, akaendelea kuminya.

Kesho yake mchana kidole cha mguu kikacheza. Siku ya sita alirudi nyumbani, akitembea kwa kushika ukuta.

Wifi ndiye aliyemwogesha, akamlisha, akamfungia vifungo. "Nilikuombea bila kukoma," alimwambia akimchana nywele. Ilikuwa kweli. Na lile alilolisema hospitalini nalo lilikuwa kweli. Bi Makombe alitaka kulisema, akaliacha. Nyumba ilikuwa hiyo moja, na mikono ya kumsaidia ilikuwa hiyo hiyo.

"Asante, wifi," alisema. Kisha akaomba mlango uachwe wazi, ili akiita jirani amsikie.