Ugali wa mama mkwe

Jamani, mimi nina mwili wa bahati. Wiki mbili tu bila ugali, kilo tano zimeondoka zenyewe.

Leo nimeenda na mke wangu kijijini Mwazye, kwa mama mkwe.
Akatuletea ugali wa ulezi, mlima kabisa, na maharage.
Nikamwambia, "Mama, nitakula maharage tu. Napunguza wanga."

Mama akamgeukia binti yake: "Mwanangu, huyu anataka kukuacha? Mbona anakataa chakula changu?"
Mke wangu akaniangalia, macho yamejaa machozi.

Mngekuwa nyie mngefanyaje?
Mimi nimeumaliza mlima wote, nikaomba na ukoko.
Mama akacheka: "Haya, mkwe wangu amerudi."

Na zile kilo tano ni uongo. Nilijipima huku nimeegemea ukuta.