Fundi wa Vigae Aliyepumzisha Vidole Apate Kibali

Saa mbili asubuhi, ghorofa ya tatu ya jengo jipya. Fundi wa vigae amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, glavu nyeupe mikononi, anamwelekeza mwenzake kazi ambayo yeye mwenyewe ameifanya kwa miaka kumi na tisa, tangu akiwa kwao.

"Kona hiyo imeinuka," anasema.

"Umejuaje na hujaigusa, bwana harusi?" mwenzake anamtania. "Vua glavu uje upapase."

Havui. Leo ni siku ya ishirini hajagusa saruji, na kesho ana miadi ofisi ya uhamiaji.

Wenzake humwita Pimamaji, kama kile kifaa cha mafundi cha kupimia usawa. Akipitisha ncha ya kidole sakafuni, hutambua kigae kilichoinuka hata kwa unene wa karatasi. Lakini ncha hizo zimelika. Saruji mbichi hula ngozi, na sponji yenye mchanga humalizia kilichobaki.

Hilo halikumsumbua hadi ulipofunguliwa mpango wa nafuu wa kuwapa vibali wageni walioishi nchini zaidi ya miaka kumi bila kibali cha kazi. Yeye ana kumi na miwili. Aliomba wiki ya kwanza, akasubiri miezi kumi na minne kuitwa kutoa alama za vidole. Mashine ikamkataa. Miezi mitano baadaye ikamkataa tena.

"Binti wa dirishani pale uhamiaji akaniambia, 'Mzee, huna vidole.' Nikamwonyesha vyote kumi," anasimulia.

Akaelezwa kwamba ngozi ikipumzishwa, mistari hurudi. Jaribio la tatu ndilo la mwisho. Likishindikana faili linafungwa, na stakabadhi ya maombi inayomruhusu kufanya kazi kwa sasa inakufa nayo.

Basi kwa siku hizi ishirini amekuwa akilipwa nusu ujira, wa kuelekeza tu. Nyumbani, mkewe humpaka mafuta vidoleni kila jioni na amemkataza hata kuosha vikombe.

"Namlea kama mzazi aliyejifungua juzi," anasema mke. "Na anavyodeka sasa!"

Siku ya miadi, dirisha namba nne. Dole gumba la kulia: taa ya kijani. Kinachofuata: kijani. Cha nane kinaleta nyekundu.

"Futa jasho, mzee. Bonyeza polepole," anasema afisa.

Kijani. Cha tisa, kijani. Kidole cha mwisho kinagoma mara tatu.

"Tisa zinatosha," anasema afisa, na kugonga muhuri.

"Majibu lini, binti yangu?"

"Miezi minane. Pengine zaidi."

Nje, fundi anasema miezi minane anaiweza. Bila kibali, angetoka nchini asingeruhusiwa kurudi, ndiyo maana hajamwona mama yake tangu aondoke kwao. Vigae vya jiko la mama ameshanunua, viko chini ya kitanda.

"Kila akipiga simu nampimisha upya," anasema. "Ananijibu jiko halijakua. Nimemwambia asiite fundi mwingine."