Tarehe ya Kuzaliwa ya Ng'ombe

Fomu ya maombi iliuliza uzoefu wangu. Nikaandika "mkubwa". Uzoefu wenyewe ulikuwa tovuti moja ya kwaya ambayo haikuwahi kufunguka, na kazi yangu ya kuchapa barua na kutoa kopi kwenye steshenari karibu na stendi ya Bariadi.

Nilikuwa naomba kujiunga na watu waliokuwa wakitengeneza, kwa kujitolea, programu ya simu ya kuandikisha mifugo na chanjo zake. Ni programu huria: msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi, yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Wageni walipewa miezi mitatu na mlezi wa kuwaelekeza. Nilipokubaliwa niliutangazia mtaa mzima kwamba sasa nafanya kazi na wazungu. Mlezi wangu akawa dada wa Iringa.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa herufi moja. Mahali fulani kwenye faili moja paliandikwa "chajo" badala ya "chanjo". Niliona nimedharauliwa. Mtu mwenye uzoefu mkubwa, herufi moja? Nikalifungua lile faili, nikalipanga upya lote kama nilivyopenda mimi, nafasi kwa nafasi, siku mbili nzima, nikatuma.

Akanipigia simu.

"Kaka, habari za kazi. Nimeona umegusa karibu kila mstari."

"Ndiyo dada. Nimesafisha."

"Umetumwa kung'oa gugu moja, umelima shamba zima. Sasa nitajuaje ulichobadilisha?"

Nikaanza kujieleza. Akaniacha nimalize, kisha akasema kwa upole, "Na ile 'chajo' bado ipo."

Baada ya hapo nikawa mpole kupita kiasi. Kila alichoniambia nilijibu "nimeelewa, dada". Sikuwa nimeelewa. Wiki ya tatu akaniomba nimwonyeshe kioo cha kompyuta yangu tukiwa kwenye simu. Akaona mafaili yangu yamepangana: "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho kweli", "usifute".

"Lipi ndilo la mwisho?" akauliza.

"Hilo la 'usifute'."

Akaniambia niyafunge yote. Kisha akanifundisha tangu mwanzo namna ya kuhifadhi kila hatua ya kazi bila kurundika mafaili, akanipa na sharti: kila siku niulize swali moja, siyo kwake faraghani, bali kwenye grupu ambalo wote wanasoma.

Swali la kwanza nililiandika tangu asubuhi hadi saa ya chakula. Nililifuta, nikaliandika tena kwa Kiingereza cha mtihani, nikalituma, nikazima simu kama mtu aliyerusha jiwe kwenye bati la jirani. Nilipoiwasha, mzee mmoja wa Brazili alikuwa amejibu kwamba hata yeye hajui, na kwamba maelekezo ya sehemu hiyo hayakuwahi kuandikwa. Mlezi akaongeza: "Basi tukishapata jibu, wewe ndiye utayaandika." Nikayaandika. Hapo nilisahau kujisifu, kwa sababu nilikuwa na kazi.

Mwezi wa pili nilikwenda Lingeka kwa shangazi yangu, mfugaji, nikaijaribu programu kwa ng'ombe halisi. Tulisalimiana kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," nikatoa simu kwa madaha.

"Huyu mwekundu alizaliwa lini?"

"Mwaka ule mto ulipokata barabara."

"Tarehe, shangazi. Programu inataka tarehe."

"Kwani wewe ng'ombe huwa unamkatia keki?"

Nikabonyeza kuendelea. Ikakataa. Nikabonyeza tena. Ikakataa.

"Weka yako basi, twende," akasema.

Nikaweka yangu. Yule ng'ombe akawa na umri wa miaka ishirini na sita, na bado programu ikampangia chanjo ya ndama. Shangazi alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilicheka kidogo tu, maana nilishawahi kuwaambia watu kwamba programu ile haina kasoro.

Niliporudi Bariadi nikaandika kwenye grupu yote yaliyotokea, hata keki. Mlezi akasema, "Hilo ni lako. Lirekebishe." Nikatengeneza sehemu ya umri wa kukadiria, ili mtu aweze kusema "miaka kama mitatu" na kuendelea. Kwenye grupu walinirudishia kazi mara saba. Mara ya nne nilitaka kulia. Mara ya sita niligundua kwamba waliyokuwa wakinionyesha yalikuwa makosa ya kweli, tena yangu.

Mara ya nane ujumbe uliingia mchana nikiwa steshenari, napitisha kwenye mashine ya laminesheni karatasi ya bei za mama muuza chipsi. Imekubaliwa. Niliruka, na karatasi ikaingia imekunjika, mayai yakafunika mishikaki.

"Umeshinda ubunge?" mama akauliza.

"Hapana mama. Tarehe ya kuzaliwa ya ng'ombe si lazima tena!"

Akanitazama, akaitazama karatasi yake, akaenda duka la jirani.