Maboga ya Nazi kwa Shemeji Mtarajiwa

Kijana aliyekuwa akimposa dada yangu alinivuta sikio sokoni Malindi, mbele ya wanafunzi wenzangu, kwa kosa la kuiga mwendo wake: bega chini kwa uzito wa redio kaseti, kidevu juu kama ngamia. Haikumtosha. Akaenda kumwambia baba kwamba navuta sigara. Uongo mtupu! Baba akanichapa bakora hata nikawa nakula nimesimama. Nikaapa: sikio langu nitalilipizia kisasi, na dada hatampata.

Dada mwenyewe hakumtaka. Aliyempenda ni mama, maana kijana alikuwa akitembeza watalii, na kila akija alileta sabuni za hoteli na adabu za kuazima. Jibu la posa lingetolewa baada ya Idi.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kihispania, Kiswahili chake cha kuokota. Ramadhani ilipoingia alinikuta nimebeba boga.

"Calabaza," akasema, akiligonga. Nikarudia. Akacheka. "Kwetu, mwanamume nataka msichana, msichana hapana taka, napa yeye calabazas! Na mtoto ya shule, mtihani anguka: calabazas!"

Kumbe hesabu zangu zote za muhula uliopita zilikuwa maboga, nami sina habari.

Nikamkimbilia dada, nikamsimulia.

"Boga tu?" akauliza.

"Boga tu. Na huyo mposaji wako si hujigamba anakijua Kihispania?"

Dada akalipokea boga. Akavuta mbuzi, akaanza kukuna nazi.

Tangu hapo, kila magharibi ikikaribia, nilimpelekea yule bwana futari: maboga ya nazi yenye iliki, katika sahani ya maua ya mama.

"Shemeji," akaniambia siku moja, "dadako ananipenda."

"Sana, kaka. Boga zima amekukatia."

Sahani ilirudi na tende, au sambusa mbili tatu, kwani kwetu sahani ya mtu hairudi tupu. Mama akizidi kumsifu, mimi nikizidi kununa.

Basi alasiri moja yule bwana akamkuta mama wa Kihispania dukani, baraza limejaa watu, nami nikiwamo. Akajikohoza.

"Señora! Msichana wangu, kila siku, calabazas!"

Mama wa watu akashika kinywa. "Pole sana, mwanangu. Kila siku?"

"Kila siku!"

Nikaona ni wajibu wangu, kama msomi, kuwafasiria waliokuwepo. Baraza zima likaangua kicheko, hata mwenye duka akasahau kuwa amefunga saumu.

Jioni nikapeleka futari kama kawaida. Hakunijibu salamu. Akawamwagia kuku maboga yote, akanisukumia sahani kifuani. Tupu, na mchuzi unachuruzika.

Mfukoni nilikuwa na tende. Ningeitia sahanini nikamsitiri. Adhana ilipolia, nikaila mwenyewe.

Mama akaitazama sahani yake.

"Imerudi hivi?"

"Hivi hivi, mama."

Akaigeuza, akaigeuza tena. "Leo sahani yangu. Kesho mwanangu."

Jibu halikungoja Idi. Baba alikwenda kulitoa mwenyewe, nami nikamfuata nyuma, mikono mitupu, bega chini, kidevu juu.