Hata Mbuzi Huulizwa Kilo

Ninauza dawa za mifugo hapa Mwingi, na swali langu la kwanza kwa kila mteja ni lile lile, kwa kuwa dozi hufuata uzito: huyo mnyama ana kilo ngapi? Asiyejua namrudisha nyumbani akampime hata kwa kamba kifuani. Wengine huninunia, lakini siachi. Mdomo wangu hauna breki.

Basi siku mwalimu mkuu aliponiita ofisini, akaniambia binti yangu wa gredi ya nne hatulii darasani, na muhula ujao asirudi kama hajaanza dawa ya kumtuliza, swali lilinitoka lenyewe.

"Mwalimu, mmempima kilo ngapi?"

"Mama, huyu si mbuzi."

"Ndiyo maana nauliza. Hata mbuzi huulizwa."

Akanisukumia fomu nitie sahihi. Nilikasirika. Nani kawapa ruhusa ya kuniamulia mtoto? Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kinaniwasha: wao wanaona nini ambacho mimi sikioni? Nikaomba kukaa darasani siku moja. Alikubali, nadhani ili nimwondokee ofisini.

Nilikaa dawati la nyuma kabisa. Watoto walikuwa watatu watatu kwa dawati. Binti yangu alichonga penseli mara nane. Alisimama, akakaa, akafungua kamba za viatu vya jirani yake. Aiyai! Swali la hesabu alilijibu kabla halijaisha, akakosea, wakamcheka. Alipochekwa mara ya tatu, alilaza kichwa kwenye dawati na hakukiinua tena.

Hilo sikuwa nimeliona kamwe. Nyumbani ana mbio tu, hana huzuni. Nilitaka kulia.

Mwalimu wa darasa, msichana mwenye sauti iliyokauka, hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka. Kengele ilipolia akanicheka: "Mama, hata wewe umesimama mara nne." Wallahi sikuwa najua. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Kwa hiyo shule haikudanganya. Ila fomu yao niliikunja, nikampeleka binti hospitalini. Daktari alimpima uzito, macho, masikio, hata moyo, akauliza maswali mpaka nikatosheka, na mimi sitosheki haraka. Akasema tatizo ni la kweli. Dawa ipo na inaweza kumsaidia, na tena akae mbele, apewe ruhusa ya kunyoosha miguu.

"Lakini shule haiandiki dawa," akasema. "Uamuzi ni wenu."

Alisema wenu huku akimtazama binti. Nikashtuka. Nilikuwa nimeuliza kila mtu, kasoro mtoto mwenyewe.

Jumatatu asubuhi nilimwekea uji, na kidonge alichoandika daktari kando ya kikombe. Nikamweleza ni cha nini, na kwamba asipotaka hatuanzi. Alikigeuza geuza kwa kidole, kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona ametulia.

"Mwaitu," akaniita, vile sisi Wakamba tunavyomwita mama, "nikimeza, mwalimu atanipenda?"

Kipimo cha kila mnyama ninakijua, lakini cha hilo anacho mwalimu wake wa darasa. Nilifunika kidonge kwa kisosi, nikamshika mkono, tukaenda shuleni kumuuliza.