Spika Yangu Ndogo na Masanduku ya Mtoni

Watu wa mji huu hawasikilizi muziki kwa masikio, wanausikiliza kwa macho. Nimepiga kinanda kwenye sendofu, vipaimara, jubilei na arobaini za marehemu kwa miaka kumi na mitatu, na sijawahi kuulizwa swali la maana, kama vile napiga nyimbo gani. Swali ni lile lile: "Spika ziko wapi?" Nikiionyesha, mtu anaitazama, anachungulia nyuma yake labda kuna nyingine imejificha, halafu anauliza la pili: "Na mpiga kinanda mwenyewe?" Mwenyewe ni mie, mama mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, nimevaa kitenge na raba.

Spika yangu ni moja tu. Inanifika kiunoni, ina amplifaya yake ndani, ina betri ya kuchaji, ina magurudumu mawili na mpini wa kuvutia. Niliichagua makusudi. Kinanda mgongoni, maiki na nyaya kwenye mkoba, stendi kwapani, spika naivuta. Natoka kwangu Mbagala peke yangu, napanda bajaji peke yangu, na nikishafika, baada ya dakika ishirini napiga. Simwombi mwanamume yeyote anibebee kitu, maana niliwahi kuwaomba, wakanidondoshea kinanda, kisha wakanifundisha namna ya kukipiga.

Sasa baba. Baba yangu anakaa kwangu tangu mama afariki. Alikuwa mwalimu wa kwaya misheni kule kusini, enzi za kinanda cha kukanyaga kwa miguu, na ndiye aliyenifundisha, kwa rula. Ukikosea, rula inatua kwenye vidole, halafu linafuata neno moja: "Rudia." Sifa hakutoa. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilipiga misa nzima ya Pasaka, kanisa zima likanipongeza, yeye akasema kwenye Utukufu nilikimbia kama nimefumaniwa. Nilimchukia, nikarudia, na nikajua kupiga.

Miaka ya karibuni masikio yamemwisha. La kushoto limekufa kabisa, la kulia linasikia ukilisogelea sana. Kidude cha kuvaa sikioni tulimnunulia, akasema hicho ni cha wazee, akakifungia kabatini. Ana miaka themanini na mmoja. Na tangu masikio yaondoke amekuwa mpole, jambo ambalo sijalizoea. Nikipiga kinanda sebuleni anatazama vidole vyangu, nikimaliza anatikisa kichwa: "Vizuri, mwanangu. Vizuri sana." Siku moja nilimjaribu, nikapiga makosa matupu, kidole popote kinapoangukia. "Vizuri, mwanangu." Nilikwenda jikoni nikalia. Kusifiwa na mtu asiyekusikia kunauma kuliko rula.

Mtasema si ungemsogezea hiyo spika yako. Mwenye nyumba wangu kakataza spika, eti ana presha. Baa iliyo ng'ambo ya ukuta wake inapiga singeli tangu saa nne asubuhi na presha yake haina neno na baa, maana anakunywa hapo hapo. Presha inapandishwa na kinanda cha mwalimu tu.

Ndiyo maana binti wa kaka yangu alipofikia kuolewa, mie niliiona ile sendofu ya kumuaga kama mlango. Kuna wimbo ambao baba aliutunga siku mama anaingia kanisani kufunga naye ndoa. Kila binti wa ukoo wetu akiagwa, unapigwa huo. Na kwenye sherehe zetu meza ya wazee hukaa mbele, karibu na muziki. Nikapiga hesabu: baba mbele, sikio la kulia upande wangu, spika hatua mbili kutoka kwake. Nilitaka anisikie mara moja tu, kabla na hilo la kulia halijafunga.

Kaka yangu anaishi Mbweni, kwenye nyumba mpya yenye vigae hadi kwenye banda la kuku. Mkewe, yaani wifi yangu, ndiye aliyekuwa kamati. Kulikuwa na mwenyekiti na katibu, lakini hao walikuwa mapambo. Nikapeleka spika yangu Mbweni wiki moja kabla, tuijaribu bustanini. Wifi akaizunguka mara mbili, mikono kiunoni.

"Wifi, hii si ya Sunday school?"

"Hii inatosha watu mia na hamsini, wifi. Nje, bila tabu."

"Sikatai. Ila wageni watokao upande wa mume wakiiona, watatufikiriaje? Tunataka spika za kueleweka. Kama huna, kuna di-jei kaniahidi kuleta nane, na nyimbo anazo kwenye kompyuta. Wewe utakaa na wazee upumzike."

Di-jei. Na wimbo wa baba angeutoa kwenye kompyuta gani? Nikasema: "Spika za kueleweka zitakuja, wifi." Nikaondoka na hasira hadi Mtoni.

Mtoni kuna fundi seremala anayetengeneza masanduku ya spika za vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha. Nyuma ya karakana yake alikuwa na mawili yaliyorudishwa, marefu kunizidi mimi, yamepakwa rangi nyeusi, yana wavu wa chuma mbele na taa za bluu. Ndani hamna kitu. Koni za spika zilishapasuka zikatolewa. Nikamwomba aniazime.

"Mwalimu, haya hayalii," akanionya.

"Ndo maana nayataka."

Akacheka hadi akakaa chini kwenye maranda. Tukayapakia kwenye kirikuu, na siku ya sendofu nikaingia nayo Mbweni saa saba mchana, nimekaa mbele na dereva, kinanda mapajani, spika yangu miguuni imefungwa kanga. Jamani, heshima niliyopewa siku ile sijawahi kuipata hata siku ya harusi yangu. Geti likafunguliwa pande zote mbili. Vijana sita wakaja mbio kupakua. Mmoja akalishika sanduku, akalinyanyua kwa wepesi asioutegemea, akanitazama. Nikamwambia ni teknolojia mpya, nyepesi. Akawatangazia wenzake ni teknolojia mpya. Wifi akanikumbatia. "Haya sasa, wifi. Hivi ndivyo."

Nikayasimamisha kulia na kushoto, nikayachomekea taa zake za bluu. Katikati, nyuma ya kinanda, nikaiweka spika yangu, nikamwomba mpambaji aifunike kwa shifoni nyeupe ya mapambo, kama vile ni kimeza. Nyaya mbili zisizo na kazi nikazivuta kutoka kwenye mkoba wangu hadi nyuma ya masanduku, nikazibana kwa utepe wa gundi. Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuyaona ya kwangu. Yangu yalivuma kwa niaba ya mwingine.

Nikapiga kordi mbili za kujaribu. Papo hapo akajitokeza yule mtu ambaye hakosekani kwenye sherehe yoyote, mtaalamu wa muziki asiyejua ala hata moja. Huyu alikuwa mjumbe wa kamati, kavaa suti ya kaki. Akafumba macho, akasikiliza, akainua kidole.

"Sista, ile ya kulia ina besi nyingi. Ya kushoto ndo iko safi."

Nikaenda nyuma ya sanduku la kulia, nikainama, nikahesabu moja hadi tano. Nikamwuliza kama hapo sawa.

"Hapo sasa! Umeona? Sikio langu hili halidanganywi."

Nilicheka kimoyomoyo hadi machozi yakanilenga. Nilijiona mjanja kuliko Mbweni nzima. Kumbe njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imebakiza hatua kama kumi hivi.

Kadi ilisema saa nane, watu wakaja saa kumi. Baba akaletwa na gari la kaka, kavaa koti lake la misheni, akakalishwa meza ya mbele pamoja na wazee wengine wanne. Sikio la kulia kwangu, hatua mbili, kama nilivyopanga. Akanipungia mkono. Nikampigia magoti pale pale, shikamoo baba, akaitikia kwa kuona midomo.

Ndipo mshereheshaji aliposhika maiki. Akayatazama masanduku yangu juu hadi chini, akapiga mluzi.

"Ndugu zangu, haya madude leo yatatupeleka kwa Mungu kabla ya siku zetu! Sasa sisi ni watu wa adabu. Wazee wetu hawa hatuwezi kuwaacha hapa mbele, yatawapasua masikio. Naomba meza ya wazee ihamishiwe kule nyuma, kwenye utulivu. Makofi kwa wazee!"

Watu wakapiga makofi. Wenye adabu wakanyanyua viti. Nikasimama, nikamwambia mshereheshaji wazee wabaki, sauti nitaipunguza. Wifi akanijia haraka, anatabasamu kwa wageni na kuninong'oneza mie.

"Wifi, unataka kumwulia baba hapa mbele za wakwe? Mtu mzima kama huyu na mispika ile?"

Ningemjibuje? Ningesema mispika ile haiui hata mbu? Nikarudi kwenye kinanda changu. Baba akapitishwa mbele yangu akishikwa mikono na wasichana wawili wenye sare, akapelekwa mwisho kabisa wa bustani, kwenye hema la wapishi, karibu na masufuria. Alikuwa akitabasamu, maana alidhani anapelekwa mahali pa heshima. Na kweli ilikuwa heshima. Ndo ubaya wenyewe.

Zamu ya wimbo ikafika. Binti akatoka ndani ya nyumba na wapambe wake, nikaanza kupiga. Nilipiga vizuri, naijua kazi yangu. Lakini macho yangu yalikuwa hemani. Baba alikuwa anatazama sahani. Watu walipopiga makofi binti alipofika katikati ya bustani, na yeye akapiga, amechelewa kidogo, akiwatazama wa pembeni yake kujua lini aache. Wimbo wake mwenyewe, aliomtungia mama. Nikajua nikimaliza nitakwenda kumsalimu naye ataniambia, vizuri, mwanangu.

Nikaacha katikati ya ubeti. Binti akasimama mguu mmoja mbele.

"Fundi mitambo, umeme umekatika?" akauliza mshereheshaji.

"Umeme upo," nikasema kwenye maiki. "Ila yale masanduku hayana kitu ndani. Ni mbao na taa. Muziki mliokuwa mnausikia unatoka humu."

Nikaivua ile shifoni. Nikashika mpini wa spika yangu, kinanda nikakibana kwapani, maana kina betri zake, nikakata bustani nikiivuta kwenye majani, magurudumu yanalia kwi kwi kwi mbele ya wakwe wote. Aliyesema spika ya kuvuta ni ya masikini aje aniambie. Nilipompita wifi sikumtazama usoni, na hadi leo sijui alikuwaje. Nyuma yangu nikamsikia mtu akigonga sanduku kwa kiganja, likaitika tupu, na watoto wakacheka. Yule mtaalamu wa suti ya kaki alikuwa akimweleza jirani yake, bila aibu hata chembe, kwamba afadhali yale makubwa yaendelee, haka kadogo hakana besi.

Nikafika hemani. Nikasogeza chupa za soda na kinanda nikakilaza kwenye meza ya wazee. Spika nikaiegesha kulia kwa baba, karibu kabisa, nikaelekeza mdomo wake sikioni. Akanishangaa. Nikamfanyia ishara binti aendelee kuja, aje huku huku. Akaja, mwanamke jasiri yule, akavuka bustani na gauni lake hadi kwenye masufuria. Nikaanza upya.

Kordi ya kwanza baba aliweka kijiko chini. Ubeti wa kwanza aliinamisha kichwa, sikio likakaribia kugusa wavu wa spika. Kwenye kiitikio nikaona uso wake unabadilika, na si kwa furaha. Paji la uso lilikunjana. Kidole chake kikaanza kugonga meza, ta, ta, ta, na kila kilipogonga vidole vyangu vilijikunja vyenyewe. Nilikuwa na miaka arobaini na saba, naogopa rula mbele ya wakwe. Nikamaliza hivyo hivyo.

Watu wakaanza kupiga makofi. Baba akainua mkono, wakaacha. Wasiosikia huongea kwa sauti kubwa bila kujijua, na bustani yote ya Mbweni ilimsikia, bila spika yoyote.

"Nani kakufundisha hivyo? Mkono wa kushoto umechelewa wimbo mzima. Mama yako angefika altareni muziki bado uko mlangoni."

Wifi alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa. Mie nilikuwa nalia waziwazi, kamasi na wanja pamoja, na watu wakadhani nimeumia. Baba akaokota kijiko chake, akakishika kwa ncha, kama alivyokuwaga akishika rula.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.