Maneno ya Marehemu Mbele ya Wakwe

Najua hii stori mmeshaisikia kutoka kwa mjomba wangu Kioko, na najua ameitia chumvi, kwa hivyo leo naisema mwenyewe, aibu na yote. Niliaibika, sikatai. Mpaka leo nikiona watu wa Ewuaso Kedong wameshusha mbuzi hapa Kitengela, mimi huvuka barabara. Lakini kuaibika si kukosea, na hapo ndipo mimi na familia yangu hatujawahi kuelewana.

Mnajua mimi nashona mapazia hapa Noonkopir, na mnajua niko na kile kitabu changu kilichotoka jalada, nilichookota kwa muuza vitabu vya mitumba kando ya barabara. Ni misemo ya mwandishi mmoja wa zamani wa ng'ambo, watu walikusanya kila neno la kuchekesha alilowahi kusema au kuandika wakaliweka mahali pamoja. Sikisomi mbio. Asubuhi kabla ya kukalia cherehani nasoma msemo mmoja tu, nauweka ulimini kama peremende, halafu katikati ya kazi, nikiwa na pini mdomoni, ndipo utamu wake unafika na nacheka peke yangu mpaka mteja anauliza kama nacheka dirisha lake. Yule mzee alijua kumsema mtu vibaya kwa upole kiasi kwamba unajiona uko hapo ndani na hukasiriki. (Mume wangu anasema ni kitabu cha watu wavivu. Yeye husoma mikeka ya kubeti mpira.)

Sasa, kaka yangu Mutinda akapata mchumba, Naserian, msichana mpole wa Kimaasai, na siku ikafika ya sisi kwenda kwao Ewuaso Kedong kujitambulisha. Mjomba Kioko ndiye alikuwa msemaji wetu kwa sababu baba hayuko. Tulipokelewa vizuri, salamu za supa, supa kila upande, tukakalishwa chini ya tenti, tukapewa nyama na chai ya maziwa matupu. Na kwa vile wazee wengi pale hawasikii Kiswahili sana, binamu ya Naserian anaitwa Sironka akawekwa katikati atafsiri. Mwalimu mzima, amevaa tai.

Mjomba akaongea mambo ya ukoo wetu mpaka watu wakaanza kusinzia. Alipoona hivyo akanigeukia akasema, "Mama Ndanu, wewe ni mtu wa maneno. Sema kitu cha kuchangamsha wazee."

Nataka mkumbuke hilo. Ni yeye aliniomba.

Ningesema asante nikae. Lakini nikaona hapa ndipo mahali pa yule mzee wangu, nikasimama, nikasalimia, nikasema kuna mwandishi mmoja aliyesema kwamba kama jamaa zetu wangejua vile tunawasema wakiwa hawapo, wangetutembelea kila siku, maana nani anataka kukosa hadithi tamu namna hiyo. Upande wetu wakacheka. Hata mjomba alicheka, na asiniambie hakucheka, niliona meno yake.

Sironka akakohoa, akatafsiri. Maneno mafupi. Wazee wakaacha kutafuna.

Baba ya Naserian, Mzee Lemayian, akaongea polepole akiangalia fimbo yake, na Sironka akanigeukia. "Mzee anauliza, huwa mnatusema nini?"

"Si nyinyi," nikasema. "Ni jamaa kwa jumla."

"Anasema sasa sisi ni jamaa."

Hapo ungefanya nini? Nikaona nirekebishe kwa kusifu chakula, na kwa bahati mbaya yule mzee wangu alikuwa na neno juu ya chakula pia. Nikasema, "Mwandishi huyo huyo alisema jamaa unaweza kuwasamehe kila kitu isipokuwa mapishi yao," nikavuta pumzi, kwa sababu utamu ulikuwa unakuja, nilikuwa naenda kumalizia kwamba leo sisi hatuna chochote cha kusamehe. Sironka hakungoja. Nilivyovuta pumzi tu, yeye akatafsiri ile nusu. Mwalimu wa shule hajui sentensi haijaisha.

Kina mama waliokuwa wamepika wakaangaliana, mmoja akainuka akachukua sahani yangu. Haikuwa imeisha.

Mutinda alikuwa ananiangalia kama mtu anayeona nyumba yake ikiungua. Naserian ameinamisha kichwa, shanga zinatetemeka. Nikaingiwa na wasiwasi, nikasema, "Jamani, haya si maneno yangu. Aliyeyasema alikufa zamani."

Nilifikiri hiyo ingemaliza mambo. Sironka akatafsiri, na wazee wawili wakasimama wakatoka kwa tenti. Mzee Lemayian akasema kitu kwa sauti ya chini, na Sironka akanieleza, kwa Kiswahili safi kabisa, "Mzee anauliza kwa nini umeleta maneno ya mfu mahali pa kuoana."

Mjomba Kioko akaniambia niende nikakae kwa gari. Mimi, mama wa watoto, dada mkubwa wa bwana harusi, nikapita mbele ya wakwe wote nikaenda kukaa kwa gari kama mtoto aliyemwaga uji. Nililia huko, kwa hasira. Nilikuwa nimemharibia kaka yangu, na sikuwa nimesema uongo hata mmoja.

Baada ya muda mlango ukafunguliwa, akaingia mama ya Naserian, akakaa kando yangu. Nikasema, "Yeyo, mama yangu, nisamehe, mimi sikumaanisha..."

"Nilisikia," akasema, kwa Kiswahili kinachonishinda mimi. "Mimi nauza shanga Namanga miaka hii yote. Hiyo ya jamaa ilikuwa nzuri. Ilibidi nijifunike shuka nicheke."

Nikamwangalia. "Sasa kwa nini hukuwaambia?"

"Mwanamke hamkati msemaji mbele ya wazee. Na nilitaka kuona utafika wapi."

Alitaka kuona nitafika wapi. Kaka yangu anakosa bibi, mimi naangamia, na yeye alikuwa anafurahia. Lakini ni yeye aliyerudi akaongea na mumewe pembeni, na wazee wakarudi, na faini ikakatwa, blanketi ya Mzee Lemayian na sukari ya wale mama wapishi, niilete mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Niliipeleka. Mzee alijifunika ile blanketi akanibariki kichwani, na Sironka akasimama hapo kutafsiri baraka. Nikamwambia asijisumbue.

Harusi ilifanyika. Mutinda alipita kwangu wiki ile kuniomba nisishike kipaza sauti, na mjomba akakubaliana naye, yule yule aliyeniomba nichangamshe watu. Sironka hajalaumiwa na mtu hata leo. Ndiye alikuwa msema chochote siku ya harusi, kipaza sauti mkononi, amevaa tai mpya.

Kitabu bado nasoma. Lakini nimeapa, mbele ya wakwe, kukiwa na mtu wa kutafsiri katikati, nitataja jina langu, nitashukuru kwa chakula, nikae. Na nitashukuru kwa mkupuo mmoja, bila kuvuta pumzi.